Picha Iliyotangulia Kuingia

Utakataa. Najua utakataa, na wala sikulaumu, maana hata waliokuwepo wanakataa mpaka leo. Lakini tulia, vuta hata ndoo uigeuze ukalie, kwa sababu jambo lenyewe lilitokea mchana kweupe, watu wako macho, kila mtu na simu yake mkononi: Bi Shemsa alizuiwa mlangoni kwenye shughuli ya kumpamba mtoto wa kaka yake. Akaambiwa hawezi kuingia kwa sababu ameshaingia.

Ameshaingia! Yeye huyo aliyesimama nje, jua linampiga utosini, chetezo mkononi, vipande vya udi amevifunga kwenye kitambaa. Ameshaingia. Na wala hakufananishwa na mtu. Aliyeingia alikuwa yeye.

Haya, ngoja nirudi nyuma, nikikimbia utanipotea.

Mji wenyewe hauna jina. Ulikuwa nalo zamani, watu wakalikunja wakaliweka mahali, kila mmoja akadhani mwenzake ndiye anayejua lilipo. Siku za huko hazina adabu. Alhamisi inaweza kuja, ikaondoka, ikarudi tena kabla ya Ijumaa kama mtu aliyesahau mwavuli, na hakuna anayeuliza, watu wanapika tena walichopika jana, basi. Kuna wazee wanaoamka vijana, ikifika adhuhuri magoti yanarudi kuuma. Hayo yote wameyazoea. Kitu wasichokizoea ni moto. Nyumba zao ni za makuti, zimebanana bega kwa bega, na cheche moja ikiruka vibaya mtaa mzima unalala nje.

Basi siku moja banda la jikoni la mtu likaungua. Nani kachoma? Hakuna anayejua. Wakakusanyika wakubwa wote, wakapiga kelele mpaka sauti zikakauka, wakatunga sheria. Wakaiita Sheria ya Kuwajua. Jioni hiyo hiyo akaonekana mbuzi anapita mtaani, ndevu zimeungua nusu, anakohoa, kila mwenye macho akaelewa ni nani aliyepiga teke jiko la makaa. Lakini sheria ilikuwa imeshagongwa muhuri. Na mbuzi haandikwi. Sheria inataka watu. Wakatafuta: nani hapa aliwahi kuhukumiwa kwa kuchoma moto? Wakapata wachache. Mmoja wao Bi Shemsa binti Faki.

Na alichoma kweli. Tusidanganyane.

Alikuwa kijana wakati huo. Mama yao alikufa, na hata matanga hayajaanuliwa, kaka yake Kombo akaliuza shamba la mama. Akaliuza huku watu bado wamekalia mikeka ya msiba! Fedha akanunulia karafuu, karafuu akazijaza ghalani, akafunga kufuli. Shemsa akachukua chupa ya mafuta ya taa na kibiriti, akaenda. Hakuiba, hakutukana, hakusema na mtu. Alichoma ghala lote, kisha akakaa chini mbele yake akiangalia, masizi usoni, nywele timtim, mpaka wakaja kumchukua. Mji mzima ulinuka karafuu, mpaka maziwa ya watoto yakanuka karafuu. Wakampiga picha palepale alipokaa. Hiyo picha ikumbuke.

Akafungwa. Akamaliza. Akarudi. Akaenda moja kwa moja kwa Kombo, akapiga magoti, na Kombo akamwinua, wakalia kama watoto. "Mimi niliuza, wewe ukachoma," Kombo alisema. "Mama angekuwepo angetuchapa sote." Wakacheka na machozi. Wakati wa moto mke wa Kombo alikuwa na mimba; sasa mimba ile ilikuwa msichana anayekimbia uani, jina lake Salha, na kuanzia siku ile Salha alikuwa kama pacha wa shangazi yake. Anakula kwake, analala kwake, anamsuka, anamsema. Kwa hiyo aliyekosewa amesamehe, aliyekosa ametubu, na mtoto amelelewa. Ungedhani yameisha.

Ubao haukuhudhuria msamaha ule.

Ubao wa Moto uko sokoni, umegongomelewa ukutani mwa ofisi ya karani. Picha za walioandikwa ziko pale kwenye fremu za mbao, na picha hizo hizo zimeingizwa kwenye simu za watu wote, utake usitake. Ukipita karibu na simu, simu inakutambua, inapiga kelele yenyewe kwa sauti ya mwanamke mwenye mafua: "Moto! Moto! Moto!" Bi Shemsa akienda kununua nyanya, muuzaji ana simu mbili, zinapokezana. Akienda kumwona mgonjwa, mgonjwa anainuka kitandani. Akipita barazani watu wanamwagia mchanga kabla hata hawajamtazama ni nani, na mara moja jirani alimrushia maji ya vyombo yenye vipande vya bamia.

"Samahani, Bi Shemsa. Mkono umezoea."

"Najua umezoea. Na mimi nguo yangu ni hii moja iliyokauka."

Sasa huo ni udhia wa kila siku. Udhia wa mwaka ndio mkubwa. Kila mwaka walioandikwa wanakwenda kuhakikiwa sura. Yaani unasimama mbele ya picha yako, karani anaangalia picha, anaangalia wewe, anaangalia picha, halafu anagonga muhuri kwamba wewe bado ni wewe. Karani mwenyewe anaitwa Machano, mtu mnene, mpole, anayekuomba radhi huku amekukanyaga.

Mwaka wa kwanza alimwambia, "Bi Shemsa, picha ina masizi shavuni. Wewe huna."

"Nilinawa, Machano."

"Sikatai. Lakini hamfanani."

"Wewe mtoto, mimi si nilikubeba mgongoni? Si nilikufuta makamasi kwa kanga yangu hii?"

"Mimi nakujua, bi mkubwa. Ubao haukujui."

Kwa hiyo ofisini pale waliweka sufuria isiyosuguliwa kitako. Ndiyo, sufuria ya serikali! Kazi yake ni masizi tu. Kila mwaka Bi Shemsa anapaka masizi shavuni, anatimua nywele, anadondoshewa mafuta ya taa kidogo kwenye kanga ili hata harufu ilingane. Mvi zilipoanza, akaambiwa azipake piko zirudi nyeusi. Makunyanzi yalipoanza, Machano mwenyewe alisimama nyuma yake akamvuta ngozi ya uso kwa vidole viwili, huku anasema pole, pole, tazama mbele, usipepese, karibu tunamaliza. Na kwa muda ule mfupi, kila mwaka, mwanamke mzima mwenye mgongo unaouma alikuwa tena yule msichana aliyekaa mbele ya ghala. Alilisikia joto. Alinusa karafuu. Muhuri ukigongwa, anarudi nyumbani anaoga mara mbili, na bado analala ananuka.

Hebu niambie, mtu ni nani? Mimi jambo hili linanikereketa. Maziwa ukiyaacha yanaganda yanakuwa mtindi, na hakuna anayesimama mbele ya kibuyu akayadai yathibitishe kwamba bado ni maziwa. Mtoto aliyekojoa kitandani akikua haitwi kila mwaka akojoe tena mbele ya karani. Mto unapita, maji ya jana yako baharini, na sisi tunauita mto kwa heshima tu. Lakini mtu! Mtu wanamtaka abaki pale pale alipokosea, amekaa, uso umemezwa na masizi, asinyanyuke hata kwenda kunywa maji. Kwamba jana yake ndiyo yeye, na yeye wa leo ni uvumi. Na ukiwauliza kwa nini, wanakwambia ni kwa usalama. Usalama wa nani? Mbuzi yule bado anazurura mtaani, ndevu zimeota upya, hakuna simu inayomlilia.

Bi Shemsa mwenyewe alikuwa akijisemea akisugua uso: Nilifanya. Ndiyo, nilifanya. Mimi. Yule. Mimi wa siku ile. Sasa huyu anayesugua ni nani? Kama yule ndiye mimi, mimi ninayechoka ni wa nani? Nimekubali, mnataka nikubali mara ngapi? Nikubali mpaka nifanye tena?

Na kitu kingine kilikuwa kinaendelea, ila watu walikidharau. Picha ilikuwa inanenepa. Mwanzo ilikuwa uso na shingo tu. Baada ya miaka kadhaa ya kulishwa masizi na mafuta ya taa, mabega yakatokea. Halafu mikono. Mtu akipita anauliza, "Hivi hii picha ilikuwa na mikono?"

"Unyevunyevu," Machano anajibu.

Mwaka uliofuata picha ilikuwa imeshika chupa.

"Machano, na chupa je?"

"Unyevunyevu mwingi."

Sasa twende kwenye siku yenyewe. Salha anaolewa. Na katika ukoo wao biharusi hafukizwi na mtu mwingine yeyote, anafukizwa na shangazi yake, dada wa baba. Shangazi anawasha makaa, anatia udi kwenye chetezo, anapitisha moshi chini ya nguo, kwenye nywele, chini ya mikono, huku anamnong'oneza maneno ambayo wengine hawasikii. Biharusi asipofukizwa na shangazi, kwao ni kama ametolewa nyumbani kwa mlango wa nyuma. Mama yake Salha alishapendekeza mtu mwingine ashike chetezo, kuepusha zogo la simu. Salha akasema, "Basi na mume mtafutieni mtu mwingine." Yakaisha.

Ila siku ya kupambwa ikaangukia siku ya uhakiki. Au uhakiki ulihamia makusudi, mji ule siku zinatembea. Asubuhi Bi Shemsa akaingia ofisini amevaa dera jipya, hina mikononi, mvi zake zinang'aa nyeupe bila piko.

Machano akashika kichwa. "Bi Shemsa, utaniua. Hata kidole cha masizi?"

"Mwaka huu sipaki."

"Kidogo tu, hapa, utafuta nje."

"Haifutiki, Machano. Mwaka mzima nanuka. Leo nakwenda kumfukiza mtoto wangu. Nimfukize kwa mafuta ya taa?"

"Sasa nitaandika nini? Ubao una mtu, mimi sina mtu!"

"Andika kwamba amekua."

"Hakuna nafasi ya kuandika hivyo."

"Basi hilo ni tatizo la nafasi."

Akatoka. Nyuma yake kitu kikapasuka, kwaa, kama ubao wa kitanda. Hakugeuka. Alidhani ni Machano amekaa vibaya kwenye kiti.

Njiani ndipo alipoanza kuona mambo hayako sawa. Kimya. Alipita barazani, hakuna mchanga. Alipita kwa muuza nyanya mwenye simu mbili, simu zimetulia kama maiti. "Karibu, mama mgeni," muuzaji akamwambia. Mgeni! Mtu aliyemrushia nyanya mbovu wiki iliyopita! Bi Shemsa akasimama katikati ya njia akacheka peke yake. Alijisikia mwepesi, akaogopa upepo utambeba. Akanunua udi bila mtu kupiga kelele, akachagua taratibu, akanusa, akarudisha, akachagua tena. Hajawahi kufanya hivyo tangu sheria itoke. Machozi yakamtoka dukani kwa sababu ya kuchagua udi, fikiria.

Alipofika kwa Kombo, Machano alikuwa mlangoni, amemtangulia kwa njia ya mkato, jasho linamtiririka. Sheria inasema kila shughuli yenye moto karani asimame mlangoni, na udi unahesabiwa moto.

"Mama, shughuli ni ya wanawake wa nyumbani na walioalikwa," Machano akasema.

"Machano, acha upuuzi. Nipishe."

Machano akamtazama kama unavyomtazama mtu usiyemjua. Akatazama simu yake. "Jina?"

"Shemsa binti Faki! Umepigwa jua?"

"Bi Shemsa ameshaingia." Akamwonyesha simu kwa furaha ya kweli, furaha ya mtu ambaye kazi yake imemnyookea mara moja maishani. "Ameingia sasa hivi. Simu zote zimelia. Masizi yapo, nywele zipo, mafuta ya taa yananuka mpaka barabarani. Sijawahi kuona uhakiki safi kama huo."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe, mama, hujaandikwa popote." Akatabasamu. "Hongera."

Hongera! Neno alilolisubiri miaka yote, na limekuja hivi, linatupwa mlangoni kama ganda la ndizi. Na usinione mjinga, mimi naelewa kwa nini Bi Shemsa alisita. Kwa sababu alisita. Mbele yake kulikuwa na mlango, nyuma yake kulikuwa na mji mzima ambao haumjui. Angeweza kugeuka. Angeweza kutembea mpaka mwisho wa barabara na zaidi, awe bibi fulani mwenye mvi anayenunua nyanya, hakuna anayemlilia, hakuna anayemvuta ngozi ya uso. Bei yake moja tu: asiwe shangazi wa mtu.

Ndipo akasikia sauti kutoka ndani. Sauti yake mwenyewe, ya zamani, bado haijakwaruzika.

"Kombo yuko wapi?"

Na harufu ya mafuta ya taa ikatoka mlangoni, imekaa juu ya harufu ya hina kama nzi juu ya halua.

"Machano, aliyeko ndani ana kibiriti!"

"Picha ilikuwa nacho, ndiyo. Vinalingana."

"Na hiyo picha imeshatoka kwenye fremu! Paa si la makuti? Mtoto si amekaa chini yake?"

"Bi mkubwa, mimi nahakiki sura tu. Mambo ya kibiriti yana idara yake."

Unaona? Unaona watu walivyo? Kwa hiyo ili aingie, ilibidi awe Shemsa. Na Shemsa ni yule mwenye masizi. Uani, pembeni ya mlango, masufuria makubwa ya biriani yalikuwa yanatokota juu ya mafiga. Bi Shemsa akaenda, akaweka chetezo chini, akapitisha kiganja chake chenye hina kwenye ubavu wa sufuria, akaungua, akatukana, akajipaka. Shavu hili. Shavu lile. Paji la uso. Hakupaka kidogo, alipaka kama mtu anayeandika jina lake kwa hasira. Akavua mtandio akatimua nywele.

Simu ya Machano ikalia. Za wapishi zikalia. "Moto! Moto! Moto!"

"Sasa ni mimi?"

"Sasa ni wewe," Machano akasema, rangi imemtoka. "Lakini mbona basi mko wawili?"

Akaokota chetezo, akampiga kikumbo akaingia.

Ndani, wanawake walikuwa wamejibana ukutani na simu zao zinazopiga yowe. Katikati, kwenye mkeka mpya, Salha amekaa, mikono ameinyoosha mbele, hina bado mbichi, hawezi kushika kitu chochote. Na juu yake amesimama Shemsa. Kijana. Masizi shavuni, nywele timtim, chupa mkono mmoja, kibiriti mkono wa pili. Hakuwa anamtazama Salha hata kidogo. Alikuwa anatazama paa.

"Hapa palikuwa na ghala," alisema. "Ghala liko wapi?"

Nyumba ya Kombo ilijengwa pale pale ghala lilipoungua.

"Shangazi, mbona umekuwa mdogo?" Salha akauliza. "Na mbona unanuka hivyo?"

"Mimi si shangazi wa mtu. Wifi yangu ndiyo kwanza ana mimba."

"Hiyo mimba ndiyo mimi."

Yule kijana akamtazama kwa mara ya kwanza. Hakuelewa. Angeelewaje, masikini? Kwake mama amezikwa juzi.

"Kaa," Bi Shemsa akasema kutoka mlangoni.

Wakatazamana. Sitakueleza walivyotazamana, siwezi. Wewe jaribu tu kufikiria unakutana na siku yako mbaya kuliko zote, ina miguu, inakuuliza njia.

"Wameliuza shamba la mama," kijana akasema.

"Najua."

"Hawakungoja hata mikeka ikunjwe."

"Najua. Nilikuwepo. Lete chupa."

"Nataka aone. Nataka Kombo aone!"

"Ataona. Kaona. Lete chupa, mdogo wangu, kaa chini, miguu itakuwa inakuuma, umesimama miaka mingi."

Sijui ni kuitwa mdogo wangu, au ni miguu. Alikaa. Bi Shemsa akachukua chupa, akampa wifi yake, wifi akatoka nayo nje mbio ameishika mbali na mwili kama mtoto aliyejikojolea. Kikabaki kibiriti. Bi Shemsa hakukitupa. Akakifungua kilekile, kibiriti cha siku ileile, akawasha makaa ya chetezo. Akatia udi.

Akamfukiza Salha kwanza. Chini ya nguo, kwenye nywele, chini ya mikono ile iliyonyooshwa, huku ananong'ona. Simu zinalia moto, moto, moto, yeye ananong'ona, na Salha anaitikia kwa kichwa huku machozi yanamshuka na hana mkono wa kuyafuta. Ikatimia. Hata ingekuwaje baadaye, hilo lilitimia, na wanawake wawili watatu wakapiga vigelegele juu ya yowe la simu zao wenyewe.

Halafu akageukia upande wa pili wa mkeka. Akamfunika kijana kwa kanga yake, akaweka chetezo chini ya kanga, moshi ukampanda. Akamfukiza kama biharusi. Kutoka ndani ya kanga tukasikia, nasema tukasikia maana kila aliyesimulia alisikia, mtu analia kilio cha msiba, kile kikubwa, ambacho siku ile hakukilia kwa sababu alikuwa na shughuli ya kuchoma ghala. Kanga ilipofunuliwa, Bi Shemsa akashika pindo akamfuta masizi. Na kijana akashika pindo la pili, akamfuta yeye. Wakafutana taratibu, kila mmoja ametoa ulimi kidogo kwa umakini, namna moja.

Simu moja ikanyamaza. Ya pili. Zote.

Ungedhani yameisha, si ndiyo? Machano akaingia. Kwapani amebeba fremu tupu.

"Samahanini sana," akasema. "Hongera biharusi. Lakini mmoja arudi."

"Arudi wapi?" Salha akamkemea. "Huoni tuna shughuli?"

"Ubao hauwezi kukaa mtupu, mwanangu. Watu hawatalala." Na kweli sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hatalala. "Mmoja tu. Sisemi nani."

Kijana akamshika Bi Shemsa mkono. "Dada, usinirudishe. Kule ni siku ile ile. Kila nikiamka, ni siku ile ile."

"Na mimi siendi," Bi Shemsa akasema. "Nimechoka, Machano. Sikiliza neno hilo. Sikukimbii, sikukatalii, nilichoma na nilifungwa na nilirudi. Nimechoka tu."

"Basi niambieni mchomaji ni yupi!"

Wakakaa bega kwa bega wote wawili, nyuso safi, mmoja mvi, mmoja hana, wananuka udi. Machano akatazama picha ambayo haipo. Akatazama huyu. Akatazama yule. Na hapo simu za watu wote zikatetemeka kwa pamoja, mikononi, kifuani, mikobani, na juu ya kioo cha kila simu yakatokea maneno: ELEKEZA SIMU KWA MCHOMAJI. Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi: asiyeelekeza atahesabiwa ameficha, naye picha yake itawekwa.

Kombo aliitwa kutoka barazani. Kaingia kifua wazi, kanzu mkononi, hajui lolote, akamwona dada yake mzee, halafu akamwona dada yake wa siku ile. Mzee mzima akajishika mlangoni.

"Kombo," kijana akasema. Hasira ilikuwa imebaki kidogo tu, kama chumvi kwenye sufuria iliyooshwa.

Simu ya Kombo ilikuwa inatetemeka, na wote wakawa wanamtazama yeye, kwa sababu ghala lilikuwa lake, na mwenye ghala akielekeza, limekwisha kwa wote. Salha naye simu yake ilikuwa inatetemeka juu ya mkeka, lakini mikono yake imejaa hina, hawezi kuigusa. Akaitazama ikijizungusha yenyewe kama mende aliyepinduka, mpaka picha yake mwenyewe ikaanza kutokea juu ya kioo, polepole, kuanzia kidevuni. Wanawake wakaanza kuinua simu zao. Mmoja akaielekeza kwa Bi Shemsa, akashusha. Mmoja akaielekeza kwa kijana, akaigeuzia mkekani. Mmoja akaielekeza kwa Machano, akaogopa, akaishusha haraka.

Kombo akainua yake. Mkono umenyooka, kidole gumba kiko juu ya kioo. Kidevu cha binti yake kimeshatokea, na mdomo, na sasa pua.

Na wewe usijifiche nyuma ya habari za watu. Simu unayo mkononi sasa hivi, inakutetemekea. Ungeielekeza kwa nani?